Gari la Viti Viwili

Mama mkwe wangu aliishi katika vyumba viwili nyuma ya nyumba yetu, hapa mtaani Bel-Air, kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote sikukaa naye hata mara moja kwenye benchi moja. Kwetu, sisi ambao wazee wetu walitoka kaskazini mwa Katanga wakaifuata reli hadi Lubumbashi, mwanamume hakai karibu na mama wa mke wake. Hali chakula naye, hampi mkono, hamtazami usoni. Nikitaka kupita nyuma ya nyumba kwenda bombani, nilikohoa kwanza kwenye kona ya ukuta. Yeye akisikia kikohozi alivuta kitenge chake na kugeuza kiti. Nilichuchumaa mbali kidogo nikasema, "Jambo yenu, mama," naye aliitikia akiangalia upande wa jiko: "Jambo, mukwe. Mulilala muzuri?" Mgeni angedhani tumegombana. Hatukuwahi kugombana. Kila nilipougua malaria, uji niliokunywa ulikuwa wake, ingawa ulinifikia kupitia mikono ya mke wangu.

Haya hiyo ya ukwe inaweza kuondolewa. Ndugu za mke hupika, humwita mkwe, na mama mkwe humpa chakula kwa mkono wake mwenyewe mbele ya wote. Mkwe naye hutoa kitenge na kuku, na kuanzia siku hiyo wanaweza kukaa pamoja kama mama na mtoto. Wengi hufanya hivyo baada ya mtoto wa kwanza au wa pili. Sisi tulizaa watano. Mwanzoni sikuwa na nafasi, kila mwaka nikasema mwaka ujao. Baadaye nafasi nilikuwa nayo, lakini niliona aibu kwamba nimechelewa sana.

Naanza na hayo kwa sababu siku aliyoshikwa na ugonjwa, gari pekee lililokuwa uani lilikuwa langu, na lilikuwa na viti viwili tu, cha dereva na kile cha pembeni yake. Nataka kueleza jinsi gari hilo lilivyofika kwangu. Kisha nitaeleza nilichofanya siku ile, jambo ambalo kwa muda mrefu nilidhani nalijua peke yangu.

Nilikuwa karani wa reli maisha yangu yote ya kazi. Nilimaliza sekondari kwa mapadri, nikapewa meza, muhuri na dirisha, na kwa miaka mingi watu waliinama kidogo mbele ya dirisha lile wakaniita chef, yaani mkubwa. Nilipostaafu, neno hilo liliisha kwa wiki moja. Sokoni nikawa papa, kama kila mzee. Sisemi hili ili nionewe huruma. Nalisema kwa sababu bila hilo mtu hataelewa kwa nini mwanamume wa miaka sitini na sita alinunua gari la paa la kukunja, lile ambalo mjini tunaliita décapotable.

Kabla ya hapo nilikuwa na gari jeupe la milango minne, la zamani lakini jepesi kutengeneza. Kila mwanzo wa mwezi nililitumia kumpeleka mama mkwe kupima tension, yaani presha. Alikaa nyuma, moja kwa moja nyuma ya kiti changu, ili nisimwone, na mimi niligeuza kioo cha ndani kiangalie juu. Mke wangu alikaa mbele pamoja nami na kupeleka maneno. Mama alisema, "Ambia mukwe apunguze mbio," mdomo wake ukiwa karibu na sikio langu. Mke wangu akageuka na kuniambia, "Mama anasema upunguze mbio." Nikajibu, "Ambia mama nimesikia." Tulifika hospitali hivyo kila mwezi, tukicheka kila mtu upande wake.

Gari lile la viti viwili nililikuta Kasumbalesa. Nilikwenda kumsindikiza binamu yangu, ambaye mzigo wake ulikuwa umekwama mpakani. Malori yalikuwa yamepanga mstari usio na mwisho, madereva wakipika chini ya matela, wabadilishaji fedha wakipita na mabunda yao. Tulimngoja déclarant, yule mtu wa kushughulikia karatasi za forodha, katika kiwanja chake chenye ukuta. Kwenye kona kulikuwa na kitu kimefunikwa bâche, turubai la kijani. Alipoona naliangalia, alilivuta kama mtu anayemfunua bibi harusi.

Lilikuwa la rangi ya bluu iliyokolea sana, la Kijerumani, usukani kulia kwa sababu lilikuwa limepitia nchi za kusini. Viti vyake vilikuwa vya ngozi ya rangi ya maziwa. Sijawahi kugusa ngozi laini namna ile, hata ya viatu.

"Papa, ingia," déclarant alisema. "Ingia tu, kukaa haiko kosa."

Nilikaa. Alibonyeza kitufe, na paa likanyanyuka lenyewe, likajikunja polepole, likajificha nyuma. Madereva wawili wa malori walipiga makofi. Mmoja aliniita, "Ministre!"

"Unaona?" déclarant alisema. "Bao banajua. Hii motokari ilikuwa inangojea muntu wa sura yako."

"Iko na biti mbili tu," binamu yangu alisema.

"Mbili inatosha. Watoto wake si bakubwa? Yeye na madame. Ao unataka kubeba mihogo?"

Walicheka, nami nikacheka. Nilijua tayari ninachokwenda kufanya. Nililitoa gari langu jeupe, nikaongeza akiba yangu karibu yote, na baada ya siku tatu za karatasi na mihuri nikaondoka na lile la bluu. Sikumpigia mke wangu simu. Nilijiambia kwamba nataka kumshangaza, lakini ukweli ni kwamba nilijua swali atakaloniuliza.

Nilisafiri njia nzima paa likiwa wazi, nyuma ya malori ya shaba. Nilipofika Bel-Air nilikuwa mwekundu kama tofali kwa vumbi, kope na masikio. Mke wangu alitoka jikoni, akaniangalia, akaliangalia gari, akalizunguka pole pole akiwa bado ameshika mwiko wa bukari, ugali wetu.

"Ile ingine iko wapi?"

"Nimebadilishana."

Alichungulia ndani. Alihesabu viti kwa mwiko, kimoja, viwili, kisha mwiko ukabaki hewani.

"Na mama atakaa wapi?"

"Mama atapanda taxi. Nitalipa taxi kila mwezi, safi kabisa, mpaka mlangoni."

"Uko na motokari mu kiwanja, mama anapanda taxi."

Hakupaza sauti. Alirudi jikoni, na mwiko ule nikausikia ukisonga bukari kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Jirani yetu, mjane kutoka Kasai anayeuza unga na samaki wakavu sokoni, alikuwa amepanda juu ya tofali kutazama kutoka upande wake wa ukuta. Yeye kamwe hakuacha jambo lipite.

"Papa!" aliita. "Na mufuko yangu ya unga utaiweka wapi sasa? Ku magoti ya mama?"

Jioni nilikohoa kwenye kona kama kawaida, nikachuchumaa na kumsalimu mama mkwe. Aliitikia. Kisha akasema kwa ukuta, "Nasikia mumeleta motokari muzuri. Mungu aitunze." Niliona nimepata baraka, nikalala vizuri.

Kuhusu kuliendesha, nitasema ukweli wote. Kulikuwa na furaha. Jumamosi saa kumi jioni, jua limepungua, nikipita polepole barabara kuu za mjini, vijana walipiga miluzi na kuita "Papa kijana!" Polisi wa barabarani walinisimamisha kila mara, wakazunguka gari, wakaomba karatasi zote, na hata hilo lilinifurahisha mwanzoni, maana waliniita chef. Nilipaki mbele ya parokia Jumapili, na wazee wenzangu wa kwaya walikuja kugusa mlango. Mke wangu alipanda nami mara tatu, ameshika kitambaa chake cha kichwa kwa mikono miwili. Mara ya nne alisema atatembea.

Lakini gari lile halikutengenezwa kwa ajili yetu. Tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi, na kila tuta lililikwaruza. Kuanzia mwezi wa tano vumbi liliingia kila mahali, kwenye vitufe, kwenye mishono ya ngozi, kwenye reli ndogo za paa. Taa za onyo ziliwaka moja baada ya nyingine mpaka dashibodi ikafanana na mti wa Noeli. Fundi wangu, ambaye alilijua lile jeupe kama mfuko wake, alifungua boneti la hili, akaliangalia kwa muda, akalifunga tena kwa heshima. "Papa, hapa kuna computer," alisema, kama anavyosema daktari. Alikata waya mmoja, taa tatu zikazimika, na baada ya wiki mbili paa likakataa kupanda. Lilibaki limekunjwa nyuma, na pampu ya kulisukuma haikupatikana Lubumbashi wala ng'ambo ya mpaka.

Tangu hapo nililifunika kwa bâche mvua ilipotishia, nikalifunua ilipoisha. Nilikuwa mtumishi wa gari. Viti vyake nilivipaka mafuta ya mtoto kwa kitambaa laini kila Jumatatu. Mke wangu alipita na ndoo akaniona nimepiga magoti. Mara moja tu aliniuliza, bila kusimama, kama nimewahi kumwona mtu akimpigia magoti kiti.

Na kila mwanzo wa mwezi ilitokea hivi. Taxi ilikuja, mama mkwe na mke wangu walipanda nyuma na kubanana na abiria wengine, nami niliwafuata na gari langu ili niwepo wakati wa kulipia dawa. Nilikwenda nyuma yao mji mzima, kiti cha pembeni yangu kikiwa kitupu, cheupe, kinang'aa. Watu walituangalia. Nilijiambia kwamba ni desturi ndiyo inayoniketisha peke yangu. Kusema hivyo kulinitosha, na hakuna aliyenibishia.

Siku yenyewe ilikuwa katikati ya majira ya mvua, mchana saa nane. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha tangu asubuhi na ndiyo kwanza ilikuwa imepungua, matone machache tu. Mama mkwe alikuwa kwenye baraza lake akibambua karanga. Nilisikia beseni likianguka, kisha mke wangu akiniita kwa jina langu la ubatizo, jambo asilolifanya.

Sikukohoa kwenye kona. Nilimkuta mama ameegemea kiti, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia kama si wake. Karanga zilikuwa zimetapakaa chini. Mke wangu alimshika mabega kutoka nyuma. Jirani yetu mjane alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma, maji yakimtiririka kwenye nywele.

"Papa, washa motokari!" alipiga kelele. "Unaangalia nini?"

Nilikimbia. Nilivuta bâche, nikawasha, injini ikakubali mara moja. Nilirudisha gari nyuma mpaka karibu na baraza, hatua tano au sita kutoka kwake. Mke wangu na jirani walikuwa wamemwinua na kumtoa nje kidogo ya paa la baraza. Hapo mama alitapika. Alitapika kwenye kitenge chake, kwenye mikono ya mke wangu, kisha mara ya pili.

Niliangalia kile kiti.

Hilo ndilo jambo. Nimejaribu kuliandika kwa njia nyingine nikashindwa. Niliangalia kiti cheupe, nikaangalia kitenge chake kilicholowa, nikashuka kwenye gari na kuingia ndani ya nyumba. Nilijua ninachotafuta: plastiki nene iliyofunika godoro letu jipya, niliyoikunja na kuiweka chini ya kitanda. Nilipiga magoti, nikaivuta, nikarudi nayo nje. Sikumfunika nayo mama, ambaye matone yalikuwa yakimwangukia. Niliitandaza juu ya kiti. Nilichomeka kingo zake huku na huku, vizuri, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nakumbuka tu kwamba nililainisha mikunjo kwa kiganja.

Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa ananiangalia. Alinitazama machoni, mara ya kwanza katika miaka zaidi ya arobaini ya ndoa yangu. Jicho moja lilikuwa linafumba, lakini lile jingine lilikuwa safi kabisa. Niliinamisha kichwa changu, kama adabu inavyotaka.

"Hapana," alisema. Neno lilitoka zito, kama limefungwa kwenye kitambaa. "Mukwe na mama mukwe habakae sawa vile. Mutafute taxi."

"Mama, ni haya gani leo?" jirani alilia. "Papa, mubebe! Mubebe, umutie mule, utaomba pole kesho!"

"Taxi," mama alisema.

Mke wangu aliniangalia na kungoja. Mama alikuwa mwepesi wakati ule, ningeweza kumbeba kwa mkono mmoja. Nilisema, na sauti yangu ilikuwa tulivu sana, "Mama amekataa. Tumuheshimu."

Jirani alinitukana kwa lugha ya kwao, akavua ndala zake, akakimbia miguu mitupu kuelekea barabara kubwa. Barabara yetu ilikuwa imejaa maji na taxi hazikukubali kuingia. Alikawia. Mke wangu alimpangusa mama uso, akamshika. Nilisimama kati ya baraza na gari, injini ikinguruma. Mwishowe jirani alirudi ndani ya taxi, kichwa nje ya dirisha, akiwafokea abiria wawili walioketi nyuma: "Mushuke! Mushuke, bandugu, tuko na mugonjwa!" Walishuka kwenye maji. Wakamweka mama nyuma pamoja na mke wangu, wakaondoka. Nami niliwafuata kama ilivyokuwa desturi yangu, plastiki ikipepea pembeni yangu njia nzima.

Daktari alisema ni mshipa wa kichwa, AVC, yaani kiharusi. Alisema kwamba katika ugonjwa huo kila nusu saa ina maana. Kisha aliona uso wangu, akaongeza kwamba kwa umri wake hakuna anayeweza kujua. Jioni ile mama alinyamaza na hakusema tena. Aliishi miezi minne, mke wangu akimlisha kwa kijiko, na aliondoka baridi ilipoanza.

Kwenye kilio, uani kwetu, chini ya turubai la parokia, mdogo wa kike wa marehemu alisimama kuongea. Ni mama mzima, ndiye mkubwa wa familia sasa, na akiongea hakuna anayekohoa. Aliwasema vijana wa siku hizi, wanaokula meza moja na wakwe zao na kuwaita kwa majina. Kisha akaninyooshea mkono.

"Mulimuona huyu? Dada yangu anakufa mbele yake, motokari iko pale, inanguruma. Dada anasema hapana, haya. Na yeye anaheshimu! Ni nani leo angeweza? Mukwe wa kweli ndiye huyu!"

"Eee!" watu waliitikia.

Niliinamisha kichwa. Walidhani ni uchungu. Jirani yetu mjane peke yake hakuitikia. Alikuwa anaosha sahani nyuma, na nilimsikia akizigonga.

Gari nililiuza mwezi uliofuata kwa mtu anayekodisha magari ya harusi. Alilikagua kwa muda mrefu, akalalamikia paa, akalalamikia injini. Alipofika kwenye viti, alitabasamu. "Lakini hii ngozi, papa. Hata alama moja hakuna. Uliitunza kweli."

Sifa ile ya kwenye kilio haikuishia pale. Ukoo wa mke wangu ulianza kuniletea vijana. Mmoja akioa binti wa ukoo, shangazi wanamleta kwangu Jumapili, anakuja na chupa ya divai ya misa au kreti ya soda, anakaa barazani, nami namfundisha mambo ya ukwe. Nilimfundisha wa kwanza, nikamfundisha wa pili. Niliwaonyesha pa kukohoa, namna ya kuchuchumaa, namna ya kugeuza kioo cha gari. Nilisikika vizuri. Nilikuwa na dirisha langu tena.

Wa tatu alikuwa fundi wa umeme, mwenye macho ya kuuliza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa, moja tu. Kama mama mukwe iko mugonjwa sana, na place iko moja tu pembeni yangu, minafanya nini?"

"Unamuweka," nilisema. "Unamubeba na unamuweka."

Alishangaa. "Lakini weye haukufanya vile."

Nilimwambia nimechoka, arudi wiki nyingine, na aichukue soda yake.

Mke wangu alikuwa sebuleni akipiga pasi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo alitumia pasi ya makaa. Nilikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, lakini machache tu yalitoka.

"Ile siku ya mama, nilienda kutafuta plastiki."

"Minajua."

"Haikuwa ya kumufunika yeye."

"Minajua. Uliitandika ku kiti." Alipuliza majivu kutoka kwenye pasi. "Nilikuwa pale."

Nikamwambia kwamba watu wanasema niliheshimu haya, na kwamba si kweli. Kama mama asingetapika ningembeba bila kufikiri. Na aliposema hapana, ndani yangu kitu fulani kilishukuru. Alipiga pasi kola yote, akaigeuza, akapiga upande wa pili.

"Mama pia alikuona," alisema.

"Alinitazama."

"Hapana, sikiliza. Siku ulileta ile motokari, aliniambia: kama ugonjwa inanikamata siku moja, nitaingia tu mule, nitakaa na mukwe, ugonjwa Mungu anaisamehe. Alikuwa amekubali zamani. Hata alikuwa anacheka, anasema ataweka lunettes za jua ku macho." Aliweka pasi kwenye kibao chake. "Lakini alikuona na ile plastiki. Mu taxi, mdomo iko vile, aliniambia: mukwe anapenda ile kiti yake, nisimuharibie. Na akasema nisikuambie."

Miaka miwili na zaidi mke wangu alikuwa ameketi mezani nami na maneno hayo. Alinipikia, akanishonea vifungo. Nilimwuliza kwa nini anavunja agizo la mama sasa.

"Sababu umesema weye mwenyewe. Kama haungesema, ningekufa nayo." Alichukua shati jingine. "Lakini umeniambia miye, na miye nilikuwa najua. Bale banaokusifu, bao habajue."

Hakuniambia niende. Jumapili iliyofuata nilipanda basi dogo nikaenda kwa yule mdogo wa marehemu, upande wa pili wa mji. Nilimkuta barazani akichambua mboga za lengalenga. Nilimweleza yote, tangu kiti hadi plastiki hadi maneno ya kwenye taxi. Alinisikiliza huku mikono ikifanya kazi, kisha mikono ikasimama.

"Rudia pale pa plastiki."

Nilirudia.

"Na mimi nilisimama pale mbele ya bantu, nakusifu, na weye ukainamisha kichwa."

"Ndiyo, mama."

"Nilizani unalia."

"Sikuwa nalia."

Alikusanya mboga zake kwenye sahani, akaingia ndani. Nilingoja kwa sababu mtu haondoki bila kuaga. Jua lilihama kutoka magotini kwangu hadi kwenye viatu. Baadaye mjukuu wake wa kike alikuja mlangoni, akasema bibi amelala. Nilisema nimeelewa, nikasimama.

Hayo yalikuwa kabla ya mvua za mwaka huu. Yule fundi wa umeme hakurudi, wala hakuna kijana mwingine aliyeletwa kwangu. Mwezi uliopita binti mwingine wa ukoo aliolewa. Mwaliko ulikuja na jina la mke wangu peke yake, naye aliusoma, akauweka mezani mahali ninapoweza kuuona. Jumamosi alivaa kitenge chake kipya, nikamsindikiza hadi kituo cha basi. Alirudi kabla ya giza. Alinieleza kwamba kulikuwa na mbuzi, kwamba bibi harusi alikuwa mzuri, na kwamba mama mkwe na mkwe wake walisalimiana kwa mbali, vizuri, kama inavyotakiwa.

"Nani alimufundisha?" niliuliza.

"Bale bashangazi benyewe," alisema, akavua viatu.